Ubani wa Tulia

Jumapili, 12 Oktoba

Mawingu yamepita tena bila kusema neno. Mama amelala, mchana ni mrefu, na mimi nina hasira ambayo nisipoiweka mahali nitaitoa kwa mtu. Basi nimeamua kuiweka hapa.

Nianze na lile gumu. Mama ana donda la titi. Mwezi wa nane daktari alituambia hakuna cha kukata tena, twende nyumbani, tumpe dawa ya maumivu na tumpende. Nilifunga kibanda changu cha kushona pale sokoni Mbumbuni, cherehani nikaifunika shuka, nikahamia kwake. Donda linanuka. Nimeandika hivyo mara moja nisije nikazungukazunguka. Linanuka kiasi kwamba ukitoka nje ukarudi, lazima usimame kidogo mlangoni ujipe moyo.

Leo baada ya ibada kina mama wa kanisa walikuja. Waliimbia mlangoni, wakaombea mlangoni, wakatoa sukari na sabuni wakiwa mlangoni. Mbele yao alisimama Ndila, mwenyekiti wao, mkoba ameukumbatia kifuani. Ndila na Mama waliolewa mwaka mmoja kwenye ukoo mmoja. Wamelimiana, wamezalishana, wamezikiana waume. Mimi mwenyewe mtu wa kwanza kunishika hapa duniani ni Ndila. Na leo hakuvuka kizingiti. Mama aligeukia ukutani mpaka walipokwenda.

Sina tamaa kubwa. Mvua ije au isije. Nataka kitu kimoja tu kabla Mama hajaenda: Ndila aingie, akae kitandani kwake kama zamani.

Jumanne, 14 Oktoba

Joto. Nzi. Mama alikula uji vijiko viwili, akanisifu kwamba leo haukuwa na madonge. Nilijua anaumwa sana. Mama hasifu ovyo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nesi amekuja. Alinionyesha kusaga vidonge fulani na kunyunyiza unga wake kwenye donda, kisha akaweka sufuria ya makaa yasiyowashwa chini ya kitanda yavute harufu. Ni msichana mdogo, ana mikono myepesi, na kazi yake anaifanya akizungumza habari za shemeji yake ili Mama asisikilize donda. Kwa saa kadhaa chumba kilikuwa chumba. Jioni harufu ikarudi.

Jumapili, 19 Oktoba

Wamekuja tena. Mlangoni tena. Ndila mbele, mkoba kifuani.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimempigia simu Wamaitha, mwenzangu wa chuo cha ushonaji, siku hizi ana duka Makindu. Nilimweleza kila kitu mpaka nikalia. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kuja Jumatatu. Niko na kitu."

Jumatatu, 27 Oktoba

Mke wa jirani yetu Mbuvi alikaa na Mama, mimi nikaenda Makindu.

Duka la Wamaitha lina kila kitu, kuanzia kamba za mbuzi hadi chaja. Kwenye rafu ya nyuma ana kisehemu nilichokuwa nikikipita miaka yote nikidhani ni viungo vya pilau. Alinishushia vitu mezani kimoja kimoja.

"Hizi vijiti ni udi. Watu wa hekalu la Masingasinga hapa Makindu na wasafiri wao wananunua hizi, za kuombea. Hii ya mawe-mawe ni ubani. Waislamu wananunua hii, mgeni akikuja, ama mtoto akizaliwa, ama nguo zikitoka kwa kamba. Madereva wa lori wanachoma kwa gari kwa sababu ya soksi zao. Na kuna wale wananunua bila kukuangalia macho. Hao mimi siulizi."

"Na wewe unachoma?"

"Mimi ni mtu wa kanisa kama wewe. Lakini siku ile shosho, nyanya yangu, alilala hapa nyuma akiwa mgonjwa, nilichoma. Hakuna mtu alinifukuza mbinguni."

Akanipa chembe moja niinuse. Ngumu, ya manjano, kama sukari guru iliyokaa juani. Mkononi haikunuka kitu cha maana. Nikanunua pakiti nzima. Njiani kurudi, garini, nikaanza kufikiri: uvumba tumeuimba kanisani tangu shule ya Jumapili, tumehubiriwa uvumba, tumeomba maombi yetu yapande kama uvumba, na katika waumini wote wa Mbumbuni sidhani yupo hata mmoja aliyewahi kuunusa. Nimefika miaka arobaini na moja nikiimba habari za kitu nisichokijua, kwa sauti ya kwanza.

Jumanne, 28 Oktoba

Aibu yangu leo naiandika haraka.

Wamaitha alisema chembe kidogo juu ya kaa la moto. Nikajiambia kidogo ni kwa wenye shida ndogo. Nikamwaga nusu ya pakiti kwenye jiko la makaa, nikafunga dirisha na mlango ili moshi usipotee bure. Moshi ulishuka kutoka darini ukawa ukuta. Mama akaanza kukohoa, mimi natafuta dirisha kwa kupapasa, na kabla sijalipata mlango ukafunguka kwa teke. Mbuvi, na mtungi wa maji. Alimwagia jiko, akanimwagia na mimi.

Moshi ulipopungua alisimama, akavuta pumzi, uso ukabadilika.

"Nthenya. Mmeleta mtu?"

Mtu, maana yake mganga. Nikamwambia ni ubani wa dukani, wa kuondoa harufu. Akaitikia "sawa, sawa" huku akirudi kinyumenyume. Kwa Mbuvi habari hailali.

Mama alipomaliza kukohoa alinitazama nilivyolowa, akasema, "Umenifukiza kama mzinga wa nyuki." Kisha akageuka. "Hiyo ni harufu ya kuficha. Mtu akiisikia atauliza kinachofichwa. Usirudie."

Jumapili, 2 Novemba

Leo kina mama hawakuja. Alikuja Ndila peke yake, akanikuta uani nikifua vitambaa vya Mama.

"Nthenya, mimi nakuambia ukweli kwa sababu nilikubeba. Hiyo moshi si mzuri. Watu wanaongea, wanasema umeleta mambo ya majini kwa nyumba ya mtu wa Mungu."

"Ni ubani, Mama Mwau." Namwita kwa jina la kifungua mimba wake, kama inavyopasa. "Ule ule waliouleta mamajusi kwa mtoto Yesu. Na uvumba si tunauimba kila wiki?"

"Hiyo ilikuwa ya hekalu la kale. Si ya Mbumbuni."

Hapo nilikosa adabu. Nilimwambia kama hataki moshi, basi aingie ndani yeye mwenyewe, maana Mama hahitaji uvumba, anahitaji mtu. Aliutazama mlango muda mrefu. Macho yakajaa maji. Akaondoka bila kuniaga, na mimi nikasema moyoni, lia tu, hata mamba hulia.

Jumatano, 5 Novemba

Imenyesha.

Ilianzia vilima vya mbali, ikaja inatembea, tukaisikia kwenye mabati ya Mbuvi kabla haijafika kwetu. Mama alisema nifungue dirisha. Harufu ya udongo uliolowa iliingia ikajaza chumba, na kwa muda ule mfupi hapakuwa na donda wala dawa. Nilisimama na kitambaa mkononi. Nilitamani kupiga magoti na sikujua ni kwa nini, nikapiga tu. Mama alifumba macho akapumua kwa kinywa na pua. Mungu akitaka kufukiza nyumba haendi Makindu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepanda ndengu na kunde. Mgongo haupo.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua. Sikuenda kanisani. Hawakuja.

Jumatano, 12 Novemba

Mama anatafuna barafu ya friji ya Mbuvi. Chakula hataki. Nilimwuliza kama anataka nimwite mtu. Akasema, "Nani?" akanyoosha mkono kuomba barafu nyingine.

Jumamosi, 15 Novemba

Sijui nitaandikaje haya.

Kila asubuhi huenda kwa Mbuvi kuchukua maziwa, na huko hukawia, maana mkewe hamalizi stori. Leo ng'ombe amezaa, hapakuwa na maziwa, nikarudi mapema. Nilipofika kwenye ghala nikasikia sauti nyuma ya nyumba, upande wa dirisha la Mama.

Ndila alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, chini ya dirisha, khanga kichwani, manyunyu yakimnyeshea. Alikuwa anamsimulia Mama jinsi kwaya ilivyoanza wimbo juu sana wakashindwa kufika, na bwana harusi fulani aliyesahau jina la mkewe mbele ya pasta. Mama anaitikia kutoka ndani, sauti nyembamba lakini ni yake. Pale ilipokaa ile ndoo udongo umeshindiliwa ukawa mgumu. Si ndoo ya jana wala ya juzi. Amekuwa akija kila asubuhi nikiwa kwenye maziwa.

Nikajibanza kwenye ghala kama mwizi.

Hatimaye hadithi zikaisha. Kisha Ndila akasema, "Ndunge, leo niingie?"

"Bado."

"Kesho?"

"Nitakuambia."

"Mimi sijali, Ndunge. Wewe unajua sijali."

"Mimi najali."

Ndila akainama, akakung'uta khanga yake, akaiegemeza ile ndoo ukutani vizuri ili nisitambue kitu, akapitia njia ya shamba. Nilibaki pale mpaka miguu ikafa ganzi. Wiki zote hizi nimekuwa nikimtukana mtu aliyekuwa akilowa chini ya dirisha la mama yangu.

Jumapili, 16 Novemba

Nilimwuliza Mama moja kwa moja. Nilimbadilisha vitambaa, nikamwosha, nikamwuliza: "Kwa nini unamzuia?"

Hakushangaa kwamba najua. Alitazama mabati.

"Wote wameshaninusa," akasema. "Daktari, nesi, wewe. Mke wa Mbuvi. Nikiwaona machoni najiona nilivyo. Amebaki Ndila peke yake. Kwake bado mimi ni Ndunge."

Mama alikuwa mwanamke wa usafi wa kuogopesha. Vitete vyake, vibuyu vya maziwa, alivisugua kwa kijinga cha moto mpaka maziwa yakatoka na harufu ya moshi mtamu, na watu wa mbali walitaja maziwa ya Ndunge. Nikamwambia Ndila anateseka. Akasema anajua. "Na akiingia, nitateseka mimi. Sasa mateso hayo umpe nani?"

Nilikuwa nimekuja na nia ya kuwasuluhisha, nikatoka nikimwogopa. Mtu amelala hawezi kujigeuza, lakini heshima yake ameishika mwenyewe, hajampa mtu amshikie.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua ya mchana kutwa. Mama alikuwa na nguvu kidogo akaanza kuongea habari za kwao, upande wa Tulia, huko Kitui. Kwa kawaida hasemi sana juu ya utoto. Leo aliongea kama mtu anayepanga vyombo.

Kwao, akasema, mgeni wa heshima hakuingia nyumba kavu. Wakwe wakitarajiwa, au shangazi aliyetoka mbali, bibi yangu aliwatuma wasichana vichakani. Kuna mti mfupi wenye gome linalobanduka kama karatasi. Unaukwaruza kwa panga kidogo, unakwenda zako kuchunga mbuzi. Siku nyingine ukirudi unakuta umelia, na machozi yake yameganda. Hayo unayabandua kwa ukucha. Nyumbani bibi alichukua kigae cha chungu, makaa mawili, chembe chache tu, akazunguka nacho: chini ya kitanda, kwenye kona, chini ya viti, kwapani kwa watoto. Kisha akasimama mlangoni akaita, "Ingieni."

"Na mgeni hakuuliza nyumba ilinukaje jana," Mama akasema. "Moshi ulikuwa ni kusema tumekungoja."

"Kwa nini hukuwahi kufanya hivyo hapa?"

"Hapa nilikuta watu wameokoka." Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema polepole, "Ule mti ukikatwa unanukia. Mimi nimekatwa. Mbona nanuka?"

Mvua ilikuwa kali. Nilijifanya nimesikia mvua tu, nikamsugua miguu mpaka akalala. Swali lile liko humu chumbani bado.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimekwenda kwa Ndila. Alikuwa anabangua mbaazi. Niliomba msamaha kwanza, akaupokea kwa kunisogezea kiti na bakuli la mbaazi nibangue. Nikamsimulia habari za Tulia, za mti na za kigae. Nikatarajia aniambie tena juu ya hekalu.

Alibangua mpaka bakuli likajaa.

"Mwangangi bado anakaa kule?"

Mwangangi ni mdogo wake Mama. Nikasema bado.

"Haya," akasema.

Ijumaa, 21 Novemba

Ndila hakuja dirishani. Mama ameangalia dirisha tangu asubuhi. Mchana Mwau alipiga simu kuuliza kama tunajua mama yake kwa nini ameenda Tulia na mvua hii, kwa magoti yale, na buti za marehemu baba.

Jumapili, 23 Novemba

Nilikwenda ibada. Kiti cha mwenyekiti wa kina mama kitupu. Nje, baada ya baraka, wakaniuliza yuko wapi, maana leo alikuwa asome taarifa. Ningeweza kusema ana mafua.

"Ameenda Tulia kumletea Mama ubani."

Wakatazamana. Mmoja alianza kufungua mdomo, akaufunga. Ni yeye Ndila aliyewaonya wote mapema mwezi huu juu ya moshi wetu, na hawajasahau. Mwenyekiti anachaguliwa tena Januari. Nilitembea kurudi nyumbani nikifikiri jinsi alivyobangua zile mbaazi zote akiwa ameshaamua.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua. Ndila hajarudi.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua. Simu yake haiingii. Mama anapokea maji kwa kijiko.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua. Mama hajauliza, na mimi sijasema. Tunatazama dirisha lile lile.

Alhamisi, 27 Novemba

Mjomba Mwangangi amepiga simu hatimaye. Ndila alifika salama, na siku ya pili walikwenda vichakani wakaupata mti, machozi yake yameshaganda. Sasa mito ya mchanga, ile inayokauka kiangazi, yote imejaa, magari hayavuki. Mjomba alimwomba aache mzigo, atautuma na mtu wa kwanza atakayepita. Akakataa.

"Huyu mama ni mgumu," Mjomba akasema. "Amekaa pale ng'ambo anaangalia maji kama yanamdai."

Nilimweleza Mama yote. Alisikiliza macho yamefumbwa. Kisha akasema, "Ukiongea naye, usimwambie nangoja."

Ijumaa, 28 Novemba

Nesi amekuja. Aliniita nje akaniambia niwaite watu wa kuitwa. Nikamwambia tayari mmoja yuko njiani.

Kunde zimetoa majani matatu matatu. Shamba zima la kijani, na mimi nalichukia.

Jumamosi, 29 Novemba

Mvua. Mama hakuamka isipokuwa kunywa. Niliomba kwa sauti, mimi ambaye huomba kimoyomoyo. Sikuomba apone. Niliomba mto upungue.

Jumatatu, 1 Desemba

Amefika.

Ilikuwa alasiri, mvua imekatika, kila kitu kinadondoka. Nilimwona akipanda njia ya shamba, buti mkononi, sketi imelowa hadi kiunoni na tope juu ya tope. Kwa mujibu wake walivuka jana, watu kadhaa wameshikana mikono, yeye mkebe kichwani. Mkebe wa majani ya chai, umefungwa kwa kitambaa chake cha kichwa. Alikuja kichwa wazi. Sijawahi kuona nywele za Ndila tangu nizaliwe. Ni nyeupe zote.

Nilidhani ataingia. Alinipa mkebe mlangoni, akazunguka nyumba. Nikasikia ndoo ikigeuzwa chini ya dirisha, na yeye akishusha pumzi akikaa.

Nilimwamsha Mama. Nilifungua mkebe karibu na uso wake bila kusema. Alinusa. Macho yakafunguka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi yalikuwa yanaona.

"Nani?"

"Ndila. Yuko dirishani."

Alinusa tena, polepole. Kisha akasema, "Leta kigae. Makaa mawili. Si ile wazimu yako ya juzi."

Nilivunja chungu cha maua kupata kigae. Makaa mawili. Mama mwenyewe alichagua chembe tatu, akaziweka. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha zikatoa povu dogo, na moshi ukainuka mwembamba, mweupe, ukasimama wima kabla ya kujikunja.

Sina maneno ya harufu ile. Ile ya Makindu ilikuwa nzuri, ni kweli, lakini hii ilikuwa inajua njia. Ilikuwa na ndimu ndani yake, na kuni, na kitu kama ngozi ya mtoto aliyetoka juani. Nilikuwa sijawahi kuinusa na mwili wangu wote ukasema naijua. Mama akaniongoza kwa kidole. Chini ya kitanda. Kona. Kona ile. Chini ya kiti. "Inua mkono," akasema, nikainua mkono, mwanamke mzima, nikajifukiza kwapa. Nilikuwa nalia na sikuwa na huzuni. Nilielewa kwa nini watu wa dunia yote, wa hekalu la Makindu na wa msikitini na wale wa kale wa madhabahu, walipotaka kusema jambo wasiloliweza kwa mdomo walitia kitu motoni wakaacha moshi upae. Na bibi yangu, asiyejua kusoma, alikuwa mmoja wao.

"Niketishe," Mama akasema.

Nikamketisha. Nikamfunga khanga safi. Alijikusanya mpaka nikaona shingo yake ikisimama, akaita kwa Kikamba, neno moja, kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Lika."

Ingia.

Ndoo ilianguka nje. Ndila alitokea mlangoni, akaweka buti chini, akafuta nyayo kwenye gunia, akavuka. Alitembea hadi kitandani akasimama. Walitazamana, wazee wawili, mmoja amelowa na mmoja amekauka, moshi kati yao.

Mama akamwuliza, "Unasikia harufu yangu?"

Nilijua la kujibu. Mtu yeyote angejua. Nilimtazama Ndila nikimsihi kwa macho.

"Nasikia zote mbili, Ndunge."

Ningempiga. Mama alimkazia macho, mdomo ukacheza, akaanza kucheka. Kicheko kilimuumiza, akashika ubavu, akaendelea kucheka. Ndila naye akaanza, anacheka na kujipangusa uso kwa mkono wenye tope.

"Basi panda hapa kitandani," Mama akasema. "Umelowa kama panya."

Akapanda.

Jumatano, 3 Desemba

Ndila hajaenda kwake. Wamelala kitanda kimoja, kichwa kwa kichwa, wanaongea ovyo. Leo nimesikia mambo ya marehemu baba ambayo mtoto hapaswi kuyajua.

Alhamisi, 4 Desemba

Mama hasemi tena. Ndila anasema kwa wote wawili.

Ijumaa, 5 Desemba

Mama ameondoka leo asubuhi. Mkono wake mmoja niliushika mimi, mwingine ulikuwa chini ya shavu la Ndila. Pumzi zilikuwa na nafasi kati yake, nafasi zikarefuka, na moja haikufika mwisho. Hapakuwa na kingine. Kitu kikubwa hivyo, na hakikutoa hata sauti.

Ndila alimfumba macho. Tulimwosha pamoja, donda pia, yeye akiosha na mimi nikimwaga maji.

Habari ilienda upesi, na kabla ya saa nne tuliwaona wanapanda njia ya shamba, kina mama wa kanisa wote, wameshika viatu mkononi kwa sababu ya tope, wanaimba. Nikaruka kuchukua kigae. Kwenye mkebe zilibaki chembe chache, za kutosha. Nilikuwa nimeshainama jikoni kutafuta kaa Ndila aliponishika bega.

"Acha, mwana wakwa, mwanangu."

"Watasikia harufu, Mama Mwau. Yeye hakutaka."

"Alikuwa hataki akiwa na haya. Sasa hana haya ya mtu." Akanichukulia kigae mkononi, akakiweka chini. "Waingie hivyo hivyo."

Alikwenda mwenyewe akafungua mlango wote, akasimama pembeni. Wimbo ulifika kizingitini ukapungua. Walimtazama yeye, wakatazama kitandani. Kisha wa kwanza akainamisha kichwa, akavuka kizingiti, na wa pili nyuma yake, na wengine, mpaka chumba kikajaa na wakakaa hadi kitandani kwa Mama.